Manukato Yasiyo na Mnunuzi

Asifiwe Bwana aliyekizuia kidole changu, ndugu zangu!

Mimi Mama Neema nina wivu. Siwafichi, mnaniona Jumapili ninavyomkodolea macho kila anayemsalimia mume wangu. Niliyemchukia kuliko wote ni Zainabu, muuza vitenge wa pale njia panda ya Mingoyo. Mume wangu akienda kununua korosho huko, anarudi na habari zake: Zainabu kasema hivi, Zainabu mjanja wa simu.

Siku moja mume wangu yuko bafuni, simu yake ikalia. Nikaisoma. Barua pepe ya duka kubwa la mtandaoni, nembo ipo, rangi zao zipo. Asante kwa kununua manukato ya kike, mzigo unatoka leo. Kama hukununua wewe, bonyeza hapa upesi tuusitishe.

Ndugu zangu, mimi manukato sijayanusa tangu nizae. Nikajua ni ya Zainabu. Damu ikanipanda, nikabonyeza yasimfikie. Wakataka namba ya kadi ya benki na namba ya siri. Nazijua zote mbili. Humo benki ndimo ilimokuwa akiba yetu ya mabati, maana tulikuwa tunalala chini ya makuti yanayovuja na mtoto mchanga. Namba ya kadi nikaandika. Kabla ya ile ya siri nikasema hapana, kwanza nimtukane huyo mwanamke. Namba yake imo simuni mle mle, eti "Zainabu Vitenge". Nikampigia.

Nikamuuliza manukato yake niliyoyaona kwenye barua atajipaka wapi. Akaniomba nimsomee hiyo barua. Nikamsomea, akacheka.

"Mama Neema, hata mimi matapeli hao wameniletea, ila yangu inasema nimenunua friji. Friji, dada, na kwangu umeme hakuna. Hebu tazama, jina la mumeo limo?"

Halimo. "Ndugu mteja" tu. Anwani ya mtumaji nayo si ya duka, ni herufi na tarakimu zimerundikwa. Akaniambia duka la kweli haliulizi namba ya siri. Mwenye shaka aingie dukani mwenyewe aangalie oda zake, asipitie kwenye barua.

Mume wangu akatoka na povu sikioni, akanikuta nalia. Nikamweleza yote. Akapiga simu benki, kadi ikafungwa, akiba ikapona.

Namshukuru Mungu. Ila alimtumia Zainabu, na hilo linaniuma mpaka leo. Wivu haujaniisha, niombeeni. Nawe unayeharakishwa na barua usiyoielewa, mtumaini Bwana, ondoa kidole, uliza mtu. Hata yule usiyempenda.