Kinga ya Mbwa wa Fundi Saa

Asubuhi hiyo Fundi Saa hakufungua kibanda chake. Alijikalia kwenye benchi la kahawa nje ya kibanda cha Kinyozi, mbwa wake mzee, Waziri, kajilaza miguuni pake na uvimbe begani mkubwa kama limau. Saratani. Watafiti wa hospitali ya mifugo walitaka kumwingiza Waziri kwenye majaribio ya dawa, na jibu walilitaka leo leo.

— Hebu rudia, alisema Kinyozi. Dawa mbili?

— Mbili. Ya kwanza kemo, inaua saratani. Ila haichagui, inawachapa mpaka askari wa kinga mwilini. Ya pili inawaamsha hao askari nao waingie vitani.

— Wameshaijaribu? aliuliza Mama Nafaka, mwenye duka la mahindi ng'ambo ya barabara.

— Kwa panya. Wengi wamepata nafuu.

Mama Nafaka nusura apaliwe na kahawa.

— Yaani watu wasome mpaka macho yaume, waje kumponya panya? Mimi dukani nahangaika kuwatafutia sumu!

— Mimi naogopa hiyo kinga ikizidi, alisema Kinyozi. Kupe akimuuma Waziri, anakufa kupe.

— Si ndiyo vizuri? aliuliza Mama Nafaka.

— Subiri. Baadaye mwizi akimgusa, anaugua mwizi. Mwisho askari wanakosa kazi, wanamwona Fundi mwenyewe ndiye ugonjwa. Unarudi zako nyumbani, unabwekewa mlangoni kwako!

Fundi Saa alicheka nao, lakini moyo ulikuwa juu juu. Aliogopa kukubali, na kukataa aliogopa zaidi.

Hapo akatokea binti mwenye koti jeupe, msaidizi wa daktari.

— Shikamooni. Fundi, umeamuaje?

— Marahaba, mwanangu. Mchukueni. Mjaribu.

— Sawa. Atachomwa sindano nyingi. Anapenda kukunwa wapi, tuwe tunamtuliza?

Fundi Saa alijua Waziri anakula nini na analala wapi. Wa kumkuna alikuwa marehemu mkewe.

— Sikioni, alibahatisha Kinyozi.

— Mgongoni bwana, alidakia Mama Nafaka.

Fundi Saa akashuka benchini, akapiga magoti vumbini. Akajaribu sikio, wapi! Mgongo, Waziri akapiga miayo. Vidole vilivyozoea vigurudumu vya saa vikateremka taratibu hadi chini ya kidevu. Mkia ukapiga ardhi mara moja, tena, kisha ukakataa kutulia.

— Hapa, alisema. Mwambie daktari, ni hapa.