Ini la Kumi na Saba

Benchi la nje ya kibanda cha viatu lilikuwa limesimama kwa miguu mitatu na tofali moja, kama kawaida yake, na Mjomba Panya alikuwa amekaa juu yake kwa huzuni, jambo lisilo kawaida yake. Miaka ishirini na sita amelisha panya weupe kwenye maabara ya ng'ambo ya barabara, amewatoa damu mkiani, amewapigia hata miluzi. Leo kaja na karatasi. Panya namba Kumi na Saba, yule anayemsinzilia kiganjani, kapimwa vimeng'enya, vile vichocheo vya mwili vinavyoonekana damuni: cha mifupa sawa, cha ini kimepanda mara tatu. Daktari kasema hilo ini limeharibika. Kesho saa nne anachomwa sindano ya kulala moja kwa moja.

— Kwani panya ana ini? aliuliza Profesa, fundi viatu, misumari mdomoni.

— Ana ini, ana figo, ana kila kitu isipokuwa viatu vya kukuletea wewe.

— Basi anakunywa kisirisiri, akasema Kinyozi. Maabara haikosi spiriti.

— Wapi! Huyo kapenda, kakatwa maini.

— Kampenda nani, Profesa?

— Si Mjomba! Damu nzito kuliko maji.

— Mimi nasema kazi. Wahenga walinena, panya wengi hawachimbi shimo. Huyu kachimba peke yake, ini likachoka.

— Achimbe wapi, Kinyozi, na kizimba ni cha chuma?

— Ndiyo maana likachoka!

Mjomba alicheka kidogo. Kuna jambo hakuwaambia, wala hakumwambia daktari: kimeng'enya kile cha ini kimo pia ndani ya chembe za damu. Mkono ukitetemeka, sindano ikakwaruza, chembe hupasuka na kipimo hupanda, ini likiwa zima kabisa. Na mkono uliotoa damu ile ulikuwa wake. Akisema, Kumi na Saba atapimwa upya. Lakini yeye hatashika sindano tena.

Shemeji wa kahawa akawamiminia wote. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri kiatu chake huku mguu mmoja peku, akauliza kwa upole:

— Samahanini. Mbona kikombe cha mzee kinajazwa nusu?

Profesa akatema misumari. Kinyozi akakagua kitana chake. Shemeji akapangusa birika lisilo na doa. Ndipo Mjomba alipoelewa: miezi yote hii alimdhania Shemeji mchoyo, kumbe wote walikuwa wameuona mkono wake.

— Jaza, Shemeji.

— Mjomba jamani...

— Jaza, nakwambia.

Akajaza. Kikombe kikacheza ngoma, kahawa ikamwagikia suruali, ikamwagikia karatasi ya vipimo. Hakuna aliyecheka, na pale kijiweni hilo halijawahi kutokea. Profesa akavua aproni, akamfuta goti.

— Naenda kwa daktari sasa hivi, akasema Mjomba. Damu itolewe upya. Yule binti mpya wa maabara, mkono wake umetulia.

— Twende wote, akasema Profesa, akamshika mkono huohuo.

Wakavuka barabara, Kinyozi na kitana chake, Profesa na kiatu cha watu kwapani, na nyuma yao mama mgeni akirukaruka kwa mguu mmoja:

— Jamani, na mimi nishikeni basi!