Kaka Yangu, Fundi wa Vali za Manowari

Ndugu, majirani, na ninyi wanamaji mliokuja kumsindikiza mwenzenu: kazi ya kuusoma wasifu huu nilipewa na marehemu mwenyewe. Wanawe walitaka asome mtu mwingine, wakisema shangazi atalia. Nitalia, ndiyo. Nivumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1949, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Mimi nilimfuata baada ya miaka sita, na hatukupata mwingine. Alipokuwa na miaka tisa aliifungua cherehani ya baba vipande vipande, akachapwa, halafu akairudisha yote ikabaki skrubu moja mkononi. Cherehani ile ilishona hadi baba anafariki, na skrubu ile mpaka leo hatujui ilikuwa ya nini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957 na kuhitimu chuo cha ufundi Novemba 1968. Hesabu alizimudu. Mwandiko wake, Mungu amrehemu, ulikuwa wa kuku.

Machi 1969 alijiunga na jeshi la majini. Kwa msiojua, chini kabisa ya manowari kuna vali zinazozuia maji ya bahari yasiingie kwenye mabomba. Chumba kikijaa maji au moshi, vali haifikiki tena. Kwa hiyo hufungwa fimbo ndefu ya chuma, inapanda kutoka kwenye vali, inapenya sakafu hadi sakafu mpaka sitahani, na mtu aliye juu huzungusha gurudumu la mkono, vali ikafunga kule chini. Fimbo hizo ndizo zilikuwa kazi yake: kuzipaka grisi, kuzinyoosha, kubadilisha pini za viungo vyake. Na kuzijaribu kuna utaratibu wake. Mmoja anazungusha juu, mwingine anakaa chini anaitazama vali kwa macho yake.

Tarehe 20 Aprili 1974 alimwoa wifi yangu huyu mnayemwona hapa, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1979 nami niliolewa na rafiki yake mkubwa, fundi bomba wa meli ileile aliyofanyia kazi. Alimleta nyumbani yeye mwenyewe, akamwambia baba, "Huyu hana maneno mengi, na binti yako anayo ya kuwatosha wote wawili." Nilimnunia wiki nzima.

Ijumaa tarehe 12 Agosti 1983, meli ikiwa majaribioni baada ya matengenezo, bomba lilipasuka chini. Gurudumu lilizungushwa sitahani, mshale ulio kando yake ukaonyesha vali imefunga. Mume wangu akateremka kuliziba bomba. Maji hayakukoma, naye hakupanda tena. Wachunguzi walikuta pini ya fimbo imekatika, wakaandika kwamba ilikatika siku hiyohiyo. Binti yangu alikuwa na miaka miwili.

Baada ya hapo marehemu akawa mwalimu wa mafundi, mpaka alipostaafu Juni 2004. Waliopita mikononi mwake mnajua alivyokuwa mkali. Hata nyumbani, akifunga maji ya uani lazima apige kelele, "Yamekata?" Wifi akijibu jikoni, "Yamekata!", bado atakuja kuangalia mwenyewe. Siku moja wifi akamwambia, "Baba watoto, kama huniamini kwa bomba, ulinioaje?" Tulicheka miaka na miaka, na hatukujua tunacheka nini.

Kila Jumamosi alikuja kwangu. Atatengeneza mlango, atamsomesha binti yangu hesabu, atakunywa chai, ataondoka.

Mapafu yalianza kumsumbua Oktoba 2021. Tarehe 5 Mei 2022, hospitalini, alimtuma wifi akanunue maji, akanishika mkono. Akasema siku tatu kabla ya ajali ile aliijaribu vali peke yake. Shemeji yake, yaani mume wangu, aliyepaswa kuitazama vali kule chini, alikuwa bado anakula, meli ilikuwa inaharakishwa, akaona asimsumbue. Gurudumu likazunguka laini, akafurahi, akadhani ni grisi yake. Kumbe fimbo ilikuwa haishiki kitu chini, pini ilishakatika. Mshale ulifuata gurudumu tu. Akasaini kwamba watu wawili, yeye na mume wangu, wamehakikisha.

"Wachunguzi hawakuniuliza, dada. Na mimi sikusema."

Nikamuuliza, "Kumbe Jumamosi zote zile ulikuwa unakuja kwa sababu ya hatia?"

"Nilikuwa nakupenda, na nilikuwa naogopa. Vyote viwili." Kisha akaniomba niyaseme haya mbele yenu siku ya mazishi yake, ili fundi yeyote asije akamwiga, na ili ijulikane kwamba mume wangu hakufanya uzembe wowote.

Nilinyanyuka nikaondoka bila kumjibu. Sikurudi. Wifi alipiga simu, sikupokea. Nilikuwa na hasira ya miaka thelathini na tisa iliyonijia kwa siku moja, na sitaki mtu aniambie sikuwa na haki nayo. Alhamisi tarehe 19 Mei, niliamka nimechoka kuichukia sauti ya kaka yangu. Nikavaa viatu niende. Simu ikalia nikiwa mlangoni. Alikuwa amefariki saa nne asubuhi. Wifi anasema kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuza kichwa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, mpwa aliyemlea kama wake, na dada mmoja.

Haya, kaka, nimeyasema kama ulivyoniagiza. Jibu lako nalo ni hili: nimekusamehe. Nilikuwa nakuletea, nikachelewa, na wewe unisamehe. Mungu akupumzishe.