Vijiuzi Kwenye Mpira wa Dripu

Kijiwe chetu kiko Temeke, mbele ya duka la ushirika lililofungwa tangu biashara iwe ruksa kwa kila mtu. Mie muuza kahawa sipendi watu wanaokalia benchi bila kunywa, na nimeshalisema hilo mpaka wamenichoka, lakini jioni ile Badru alipokuja akakaa, akapewa kikombe na asikiguse, nilinyamaza. Mkewe, Shamimu, alikuwa amelazwa kwenye hospitali moja ya mtu binafsi hapo jirani. Mwili umemvimba kuanzia nyayo hadi kope, figo zinaachia protini yote inakwenda na mkojo. Hayo tuliyajua. Tulichokuwa hatujui ni kwamba mchana ule nesi alikuwa ameisimamisha dripu.

— Kaona nini? akauliza Sheli. Huyu jina lake Anwar, tunamwita Sheli kwa sababu amewajazia watu mafuta ya gari tangu ujana wake.

— Vijiuzi, akasema Badru. Vyeupe, vyembamba. Vinaelea ndani ya mpira, vinashuka kuelekea mkononi. Nesi Rosalia akaufunga mpira palepale.

— Wamekuuzia dawa mbovu, nikasema.

— Hapana, kaka. Kwenye chupa ilikuwa safi. Tuliimulika dirishani, mie na nesi, haina hata vumbi. Vimetokea ilipopita kwenye mashine.

Hiyo mashine mtaa mzima ulikuwa umeshaisikia. Mwenye hospitali aliileta kutoka Dubai, mtumba, inasukuma dripu yenyewe kwa umeme. Watu walikuwa wakienda kumwona mgonjwa, macho yao kwenye mashine.

— Daktari anasemaje? akauliza Sheli.

— Anasema albumini, hiyo dawa ya kwenye dripu, ni protini, kama ute wa yai. Ukiusukasuka ute unafanya mapovu, unabadilika, haurudi tena kama ulivyokuwa. Ile mashine inaubana mpira kwa vigurudumu ili isukume, sasa huenda dawa inasagika pale. Huenda. Mwenyewe hana hakika.

— Basi chupa iliyobaki itundikwe, idondoke yenyewe taratibu, nikasema. Ishu iko wapi?

— Ishu ni mwendo. Ikimwingia haraka, maji yatamjaa mapafuni. Mashine inaupima mwendo. Ikitundikwa, inategemea jicho la nesi, na usiku nesi ni mmoja wodi nzima. Daktari kaniambia nikafikiri, nimpe jibu kabla hajatoka kwenda kwake. Mashine au kutundika.

Akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa amekuja kutafuta jibu kwetu, masikini, na sisi hatuna tabia ya kusema hatujui.

Sheli ndiye aliyeanza.

— Mie pampu nazijua. Pampu yoyote ikichakaa inatema vitu vyake. Ukichuja dizeli unakuta ungaunga. Hivyo vijiuzi si dawa, ni mpira unachubuka. Chukua kitambaa cha melimeli, wachujie.

— Si chai hiyo, Sheli, akasema Badru. Nesi anasema vichujio vyake vipo, ila hapa hawana.

Kondensa akakohoa. Huyo ni Elinaza, fundi redio, mtu wa Upareni, na akikohoa hivyo ujue habari za umeme zinakuja.

— Nyie mnahangaika na mpira. Umeme wetu unapanda na kushuka. Kila ukipanda, dawa inapigwa shoti kidogo, inaiva. Yai si linaiva? Mwambie daktari atafute stabilaiza ya kutuliza umeme, kisha arudishe mashine.

— Ile ya kwanza iliyoganda tutaifanyaje? akauliza Badru.

— Itikiseni kwa nguvu, itayeyuka. Kila dawa wameandika tikisa kabla ya kutumia.

— Hii walituonya tusiitikise, akasema Badru. Mapovu ndiyo mwanzo wa kuganda.

Mie nikaona nisizidiwe. Nikawaambia dawa hiyo inatoka kwenye damu za watu, maelfu ya watu wasiojuana, wamechanganywa chupa moja. Nikasema kwenye chupa wanatulia kwa kuwa kuna baridi. Wakikaribia joto la mkono wa mtu wanazinduka, kila mmoja anamtafuta mwenzake, ndiyo wanashikana na kuwa uzi. Nikamwambia Badru wamfunike mkewe kitambaa cha maji baridi mkononi. Niliyasema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Badru akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayeweka akilini, na pale nikaogopa kweli, kwa sababu alikuwa ananiamini.

Nilitaka kuyarudisha maneno yangu. Kabla sijafungua mdomo akafika Tunu, mdogo wake Shamimu, ameshika chupa ya chai.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia.

— Shemeji, daktari anakusubiri, anataka kutoka. Na dada kanipa swali nikuletee.

— Anaongea?

— Anaongea. Anasema hivi: vile vijiuzi alivyoviona nesi, vilizuiliwa kwenye mpira. Vilivyopita kabla hajaviona, sasa hivi viko wapi mwilini mwake?

Badru aligeuka kwetu, safari hii hakututazama mmoja mmoja, alitutazama wote kwa pamoja.

— Sijui, akamwambia Tunu. Mwambie sijui.

— Kasema nisimpelekee jibu mie. Ulilete mwenyewe, hata kama hulijui.

Badru akainuka. Nikamwambia yale ya maji baridi ayasahau, niliyabuni. Akaitikia kwa kichwa, sidhani kama alinisikia. Kondensa akaanza kusema kitu kuhusu umeme, nikamwambia anyamaze. Tukamwangalia Badru anavuka barabara nyuma ya shemeji yake, anakwenda kumwambia mkewe kwamba hajui.