Kioo cha Nne

Ndani ya basi, mshonaji alikaa nyuma ya dereva akijifanya anatazama nje, lakini sikio alikuwa amelitega kwenye kiti cha jirani, kwa bibi mwenye kikapu na mzee mwashi aliyepakata pimamaji yake ya kunyooshea kuta.

"Nyumba yetu ni matofali matupu, ghorofa tatu, haina nondo hata moja," bibi alisema. "Imesimama tangu enzi za babu. Ardhi ilipotikisika juzi, vikombe tu ndivyo vilivyolia."

"Kusimama si hoja, mama. Hata mlevi husimama akiegemea kitu. Haina ufa?"

"Upo mmoja, chumba cha wajukuu. Mkaguzi wa majengo aliubandikia kipande cha kioo kwa gundi. Kioo chenyewe chembamba, kinapasuka ovyo. Lakini mimi ni mtu wa usafi, mzee wangu. Kikipasuka, nabandika kingine."

Mwashi alimgeukia. Mshonaji, ambaye naye amewahi kupiga pasi juu ya mshono uliofumuka, aliacha kujifanya anatazama nje.

"Vimepasuka vingapi?" mwashi aliuliza.

"Vitatu. Cha nne ninacho humu kikapuni."

"Kioo kile kiliwekwa ili kipasuke, mama. Kikipasuka, ujue ukuta umesogea. Ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Wewe umeshazika watatu."

Bibi alikishika kikapu. "Mbona mkaguzi akija, akikuta kioo kizima, hunisifu? Huandika kwamba ukuta umetulia."

Basi likasimama. Bibi alishuka taratibu kama aliyebeba mayai, na mshonaji akamsindikiza kwa macho, asijue kama anakwenda kubandika au kuhama.