Kabla Maombi Hayajafungwa

Nyamoita alikuwa ndani ya matatu kutoka Ogembo kwenda Kisii kubadilisha kozi yake ya kemia, achukue ualimu, kabla maombi hayajafungwa jioni hiyo.

"Baba anasema kemia haina kazi," alimweleza Anyiko, mama asiyemjua aliyeketi kando yake.

"Mimi niliisoma. Sasa napima maji ya kunywa," Anyiko akajibu. "Mwaka jana tulikuta sumu kwenye kisima cha shule, tukakifunga kabla mtoto yeyote hajaugua."

"Lakini mwalimu hata kijijini anapata shule, mama."

"Hapo baba yako hajakosea."

Nyamoita alikuwa hajawahi kukutana na mtu wa kazi ya kupima maji, tena mwanamke. Gari likasimama kituo cha Daraja Mbili, mjini Kisii.

"Asante sana," akasema. "Nilikuwa naona aibu kuipenda kemia."

Anyiko akamwandikia namba yake ya simu kiganjani. "Uchague kemia au ualimu, nipigie," akasema, akashuka.