Ufunguo wa Maabara

Ukungu uliimeza barabara ya mlimani, basi dogo la kwenda mji wa Zahle likaenda kama linaota. Nyuma ya sista na msichana aliyehitimu kemia, Mzee Wadih alitega sikio.

“Njoo utufundishie, mwanangu. Tangu Pasaka watoto hawana mwalimu.”

“Sista, nadhiri ya ufukara umeweka wewe, si mimi. Aliyekuwepo mlimfanya nini?”

“Alifariki.”

“Kwa uchovu?”

Sista akashika rozari. Marehemu alikuwa mke wa Wadih. Wakubwa wa shule walileta shada kubwa la maua mazishini. Likizo aliyoiomba miaka miwili ndiyo hawakuileta. Hata ufunguo wa maabara, aliorudi nao nyumbani kila jioni, hakuna aliyeuulizia. Wadih hutembea nao mfukoni.

“Maabara ina dirisha?” msichana akauliza.

“Linatazama mti wa lozi,” Wadih akajibu kabla ya sista.

Basi likasimama. Ufunguo ulikuwa umeshapata joto kiganjani mwa Wadih.